Fundi websaiti asiye na websaiti

Jumamosi iliyopita nlikuwa saluni nanyolewa, jamaa wa kiti cha pili akaniuliza we unajishughulisha na nini, nikamwambia natengeneza websaiti, akafurahi kweli, akatoa simu hapo hapo akasema nipe ya kwako basi bosi niicheki. Nikanyamaza. Kinyozi wangu akaguna maana ananijua. Nikaanza kujiumauma, oh ya kwangu ipo kwenye matengenezo, oh kazi za watu zimenibana, na kweli ukiifungua unakutana na picha ya fundi kavaa kofia ya njano na maneno TUNAREJEA HIVI PUNDE, na hayo maneno yapo pale toka Machi. Mganga hajigangi, sawa, ila hata mganga huwa na kibao barabarani.

Blogu ndo ipo hai, ila imejificha, lazima uijue anwani yake kamili. Ni kama duka limefungwa mbele lakini ukipita uchochoroni ukagonga dirisha unauziwa sukari. Na cha ajabu, wateja wangu wengi wazuri wamepitia hilo dirisha.

Mi ni frilansa, yaani najiajiri mwenyewe kazi kwa kazi, nipo Tabata, miaka kumi na ushee sasa. Frilansa ni mtu ambaye mama mkwe wake mpaka leo hajaelewa anaenda kazini saa ngapi. Kazi zenyewe ni zile zile, shule za binafsi, kampuni za utalii za Arusha, wauza vifaa vya ujenzi, makanisa, mara moja moja shirika lenye bajeti inayotakiwa iishe kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Wengi hawaji kwa sababu wana jambo la kusema, wanakuja kwa sababu tenda imeandika lazima uwe na websaiti, au benki imewauliza, au jirani anayo. Kwahiyo unawatengenezea kurasa tano, Mwanzo, Kuhusu Sisi, Huduma, Matukio, Wasiliana Nasi, na kwenye Matukio unawawekea moja la mfano ili waone inavofanya kazi. Miaka mitatu baadaye nikiingia kushughulikia domeini, yaani jina la anwani yao, nakuta lile la mfano liko peke yake, limezeeka. Kuna shule moja mpaka leo tukio lake kubwa ni "Hapa utaandika kichwa cha habari".

Zamani nlikuwa nawalaumu. Sa hivi siwalaumu sana. Mwalimu mkuu ana grupu la WhatsApp la wazazi, akitaka kusema likizo imesogezwa mbele anasema mle, dakika tano wazazi wote wameshasoma na wameshagombana. Kwenye websaiti anatakiwa atafute karatasi niliyomwandikia paswedi, awashe kompyuta ya ofisini, aombee umeme, afu ajiulize nani atasoma. Hakuna anayesoma. Nami najua hakuna, nilishaona takwimu zake, wageni wanne kwa mwezi na wawili kati yao ni mimi.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye haya mambo kwa mlango wa blogu. 2007 hivi, kafe ya intaneti, unalipia nusu saa, kibodi zimefutika herufi, unafungua Yahoo kwanza halafu unaenda kwa Michuzi kuangalia picha. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa habari, akaanzisha blogu 2005, na watu walikuwa wanaifungua kama wanavowasha redio asubuhi, wa Uingereza na Marekani wanabishana kwenye maoni na wa Magomeni. Kabla yake alikuwepo Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, yeye anaandika Kiswahili cha kufikirisha huku anawasukuma wengine nao wafungue za kwao. Kipindi kile walikuwa wanajadiliana mpaka jina, wengine waite blogu, wengine wakapendekeza gazeti tando. Gazeti tando! Mi nalipenda hilo neno mpaka kesho, lina heshima yake, ila likashindwa, midomo ya watu ikachagua blogu.

Nilichookota pale mimi hakikuwa siasa wala picha za harusi. Blogspot, pale pa kufungulia blogu bure, walikuwa wanakuachia templeti nzima uihariri mwenyewe, HTML yote, lugha ya kujengea kurasa, iko wazi mbele yako, ukigusa vibaya unaharibu, ukiharibu unajifunza. Siku nilipobadilisha rangi ya kichwa kutoka bluu kwenda kijani niliita watu waje waone. Mwenye kafe na yeye akaja, akaangalia, akasema muda wako umeisha.

Sasa twende 2013, maana ndo chanzo cha hii stori yote. Nlikuwa nimeshafungua blogu yangu kwenye WordPress, programu ya kuendeshea websaiti, na nimeshaanza kuchukua kazi za watu, na usiku mmoja nikaiua websaiti ya mteja. Naongeza mistari minne ya PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, kwenye faili la functions.php, moja kwa moja kutoka dashibodi, kile chumba cha kuendeshea websaiti, bila bakapu, ujana huo. Nikasahau nukta-mkato moja mwisho wa mstari. Nikabonyeza kuhifadhi. Ukurasa ukawa mweupe. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna onyo, weupe tu kama kanzu ya Idi. Dashibodi nayo nyeupe, yaani hata kurudi kufuta nilichokiandika siwezi, nimefungia ufunguo ndani. Na mwenye websaiti ana wageni asubuhi yake saa tatu anataka kuwaonesha.

Nilihangaika mpaka adhana ya alfajiri, nasoma majibu ya Kiingereza ya watu wanaojibizana kama wanajuana, kila mmoja anakuambia fanya kitu ambacho kinakuhitaji uwe ndani ya dashibodi ambayo ndo hiyo haifunguki. Dawa yenyewe kumbe ni ya dakika tatu. Unaingia na FileZilla, programu ya kufikia mafaili ya seva bila kupita dashibodi, unafuata wp-content, themes, folda la themu yako, yaani muonekano, unashusha ile functions.php, unaweka nukta-mkato yako, unaipandisha. Kama hujui kosa liko wapi unafungua wp-config.php, pale kwenye WP_DEBUG palipoandikwa false unaweka true, ule weupe unageuka maneno yanakutajia faili na namba ya mstari. Na kama mkorofi ni plagini, yaani kile kiprogramu cha kuongezea, folda la plugins unalibadilisha jina tu, mi huwa naliita plugins-zamani, WordPress inazitafuta inazikosa, inazizima zote, unaingia ndani kama mwenye nyumba.

Kesho yake, macho mekundu, nikayaandika yote hayo kwa Kiswahili, aya kama nane na picha tatu za skrini. Kichwa chake: Websaiti imekuwa nyeupe, ufanyeje. Nikaisahau.

Yenyewe haikunisahau. Kila wiki mtu mmoja wawili, wote wamepita Google, wote wana hofu ile ile, "kaka nimefanya kama ulivosema imerudi Mungu akubariki", kijana wa Mombasa, mwingine Bukavu ananishukuru kwa Kiswahili chao cha kule nikarudia kusoma mara mbili, mwingine yuko Muscat anaangalia websaiti ya duka la mjomba wake. Wengine baada ya kupona waliniuliza bei ya kazi. Sijawahi kuitangaza ile makala hata siku moja, na sijawahi kuandika tangazo lililoniletea kazi kama ile.

Halafu ikaja 2018. Mwezi wa tatu zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, na wanablogu tukawekwa kwenye kundi la wanaotakiwa leseni, ada ya maombi laki moja, leseni yenyewe milioni moja, na milioni nyingine ya kila mwaka. Ukikaidi faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Hata kafe za intaneti zikatakiwa zifunge kamera, nikamkumbuka yule mzee wangu wa muda wako umeisha. Watetezi wakaenda mahakamani Mtwara, Mei wakapata zuio la muda, mwezi huo huo likaondolewa, Juni wasiosajiliwa tukaambiwa tusimamishe.

Blogu yangu kwa mwaka mzima ilikuwa inaingiza kwenye matangazo hela isiyofika hata ada ya maombi. Hesabu haikuhitaji kikokotoo. Nikaingia dashibodi, nikahamisha kila kitu, ikashuka faili moja ya XML, maandishi matupu na alama zake, ya kilobaiti mia tatu na kitu, miaka yangu mitano yote ni ndogo kuliko selfi moja. Nikaifunga. Nilijiambia bwana we unaandika mambo ya nukta-mkato, nani atakukamata, lakini una watoto, unaifunga tu.

Nikahamia Twitter kama wengine. Na nisiwe mnafiki, nilifurahi. Unaandika saa nne usiku, saa nne na dakika mbili mtu keshakujibu. Kublogu ni kama kupanda mnazi, huku ni kama kuchoma mahindi, unapepea, yanaiva, watu wamejaa. Nikaanza kuwa mtu wa nyuzi, zile twiti za mada moja zinazofuatana. Uzi wa PHP haijafa, uzi wa kwa nini developa wa Bongo hatulipwi, uzi wa mteja aliyeniambia mpwa wangu anatengeneza kwa elfu hamsini. Huo wa mpwa uliruka vibaya mno, watu wakacheka siku tatu, simu inatetemeka mpaka inashuka mezani. Kazi iliyotokana nao: sifuri. Walioniandikia faragha walikuwa developa wenzangu kila mmoja na mpwa wake.

Na kidogo kidogo nikawa naandika vitu vya kubishania. Najua kabisa kwamba jibu sahihi la "WordPress au kujiandikia mwenyewe" ni inategemea, lakini inategemea haina laiki, kwahiyo unachagua upande, unaweka pilipili, unasubiri. Ile ya skrini nyeupe niliiweka pia, nikaikatakata vipande tisa, ikapata makofi yake siku mbili. Wiki iliyofuata mtu akaniomba kiungo chake nikaitafuta mimi mwenyewe niliyeiandika, nikasokota kidole mpaka nikachoka, sikuiona.

Nyuzi zote ziko huko mpaka leo. Jengo lenyewe, Twitter, likauzwa Oktoba 2022 kwa Elon Musk, Julai 2023 likabadilishwa jina likawa X, Mei 2025 likazuiwa huku kwetu, na mimi kwenye hayo yote matatu sikuulizwa chochote, natazama tu kama mpangaji anayeona madalali wanapimana uwanja.

Kilichonirudisha ni ujumbe mmoja wa 2021. Kijana wa Bujumbura. Aliandika kwa adabu sana, kaka samahani kwa usumbufu, ile makala yako ya websaiti kuwa nyeupe imeenda wapi, mimi niliihifadhi kwenye brauza toka nikiwa chuo, leo websaiti ya kazini imekuwa nyeupe, naifungua makala yako na yenyewe ni nyeupe.

Nilicheka peke yangu jikoni, afu nikaacha kucheka. Nikaifukua ile XML, nikanakili aya zangu nane kutoka katikati ya zile alama zake, nikamtumia kwenye barua pepe, picha zilishapotea, nikamchorea kwa maneno. Baada ya saa moja akajibu: imerudi.

Kanuni zilikuwa zimeandikwa upya 2020, 2022 zikarekebishwa tena, nikakaa na rafiki yangu wa sheria tukazisoma kifungu kwa kifungu, nikaamua narudi. Lakini frilansa hawezi kurudi kirahisi, lazima aringe kwanza. Nikasema siwezi kuwa developa mzima na blogu ya WordPress kama shule za wateja wangu, nitaijenga juu ya ile kazi yangu ya 2019 ya React, zana ya kujengea kurasa, kitu cha kisasa. Nikaifungua folda. Nikaandika npm install, amri ya kushusha vifurushi vyote inavyovitegemea. Ikatapika maandishi mekundu kama kurasa mbili, kifurushi cha node-sass hakitaki Node mpya, ile injini ya kuendeshea zana zenyewe, Node ya zamani haitaki kompyuta mpya, ukitoa hiki kile kinadondoka. Websaiti niliyoiandika mwenyewe, miaka mitatu tu, haijengeki. Na ile niliyoiandika 2012 kwa PHP ya kienyeji, ya muuza mabati, imeshapita seva tatu na bado inafunguka, mbaya kweli, ila inafunguka.

Sisemi React ni mbaya, imenilipia ada za watoto. Nasema tunajenga kwa matofali ya watu tusiowajua. Machi 2016 jamaa mmoja aliondoa kifurushi chake cha left-pad pale npm, ghala la vifurushi vya programu, mistari 11 tu ya kodi, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno, na kazi za watu dunia nzima zikagoma kujengeka mpaka ikarudishwa. Create React App, zana ya kuanzishia kazi za React iliyonilea, Februari 2025 wenyewe wakatangaza basi inastaafu. Kiswahili kimefanya ujanja mmoja ambao sijui kama kulikuwa na makusudi, kodi ya nyumba, kodi ya serikali na kodi ya kompyuta vyote ni neno moja, na zote tatu ukizilimbikiza zinakuja kukudai usiku.

Basi nikarudi WordPress kama mwana mpotevu, themu ya kawaida, herufi nyeusi kwenye nyeupe. Nikaipandisha ile XML. Dakika mbili, yote yakarudi, mpaka maoni ya yule wa Bukavu. Makala yenyewe ilibidi niifanyie marekebisho maana dunia imesogea, toka WordPress 5.2 ya Mei 2019 ule weupe mtupu umepungua, sa hivi unaandikiwa kwamba kuna hitilafu kubwa na mwenye tovuti anatumiwa barua pepe yenye mlango wa kuingilia. Nikaongeza aya ya tisa. Ndo faida ya kuandika mahali pako, unarudi unaongeza aya, anwani ni ile ile. Uzi ukikosea unaandika uzi mwingine wa kuomba radhi.

Nikiangalia logi za seva siku hizi kuna wageni wa aina nyingine, GPTBot, roboti ya wenye ChatGPT ya kukusanya maandishi, anapita, anasoma ukurasa mmoja mmoja, hasemi asante. Wapo wenzangu wamemfungia. Mi bado najishauri. Upande mmoja naona jasho langu linabebwa, upande mwingine najiuliza, mtoto wa Kigoma akija kuiuliza hiyo mashine kwa Kiswahili websaiti yangu imekuwa nyeupe nifanyeje, ijibu kutoka kwa nani kama sisi wote tumefunga milango? Nikipata jibu nitaongeza aya.

Sasa dada wa vitenge. Huyu nilitaka nimwandike toka mwanzo ila nimepitia mbali.

Ana duka Kariakoo, ghorofa ya kwanza, chumba kimejaa vitenge mpaka kwenye dari, wewe mteja unasimama mlangoni. Miaka ya nyuma nilimfuata kumshawishi nimtengenezee websaiti akaniambia mdogo wangu, websaiti ya nini na mimi nina watu elfu arobaini kwenye simu hapa? Na alikuwa nao kweli, kwenye mtandao mmoja wa picha, kila asubuhi anatandika kitenge sakafuni, anapiga, anaposti, mpaka mchana vimeisha. Nikanyanyua mikono, sina hoja.

Mwanzoni mwa mwaka huu akanipigia usiku, analia. Alipata ujumbe unaojifanya wa mtandao wenyewe, umekiuka hakimiliki, una saa 24, bonyeza hapa ukate rufaa. Akabonyeza, akaweka paswedi, ikaja namba kwenye meseji akaiweka na yenyewe. Haikufika robo saa, barua pepe imebadilishwa, namba ya simu imebadilishwa, na ukurasa wa vitenge unatangaza weka laki upate laki tano. Watu waliomwamini kwa yadi sita za kitenge wakatuma hela. Hapo ndo palimuuma, wateja wake walipotapeliwa kwa jina lake. Tukaandika malalamiko, tukajaza fomu, wakataka ajipige video anageuza uso kushoto kulia wamtambue, akajipiga mara tatu, mara ya tatu amevaa kilemba kizuri kabisa nadhani alishakata tamaa akasema liwalo na liwe. Hakuna kilichorudi.

Nikamuuliza dada, wateja wako umewaandika wapi? Akanipa simu. Kwenye majina: Kitenge Mbezi. Kitenge Mbezi 2. Kitenge Harusi Moro. Kitenge Mama Mchungaji. Kitenge Mkorofi. Kitenge Alipe. Nikakaa kwenye stuli pale mlangoni nikayahesabu kwa kidole, yalikuwa mia tatu na kumi na mbili. Hiyo ndo ilikuwa biashara yake yote iliyobaki, na kiukweli ilikuwa biashara nzuri tu, wale elfu arobaini wengine walikuwa wanaangalia rangi.

Tukaanza websaiti. Akataka picha zinazotembea, muziki kwa mbali, na video yake anakaribisha wateja. Nikamtengenezea alichotaka kwanza, kubishana na mteja kabla hajaona ni kupoteza pumzi. Picha alipiga na simu, moja megabaiti tano mpaka sita. Nikafungua ukurasa mbele yake, nikamuonesha pale chini kwenye brauza unavopima, megabaiti 31. Nikamwambia, dada, Kitenge Moro akifungua hii mara tatu bando lake la siku limeisha na hajaona hata bei. Akaniangalia kama vile mimi ndo nimelila hilo bando.

Hilo la uzito lilishaniingia mwenyewe Mei 12, 2024, ile Jumapili nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini huko, nchi kadhaa za huku tukabaki tunavizia mtandao kama maji ya mgao. Siku zile nilikuwa najaribu kufungua kazi zangu moja moja. Zile za kujisifia nazo zote zilikuwa zinazunguka tu kiduara. Ya muuza mabati ikafunguka.

Basi nikazipunguza picha, upana pikseli elfu moja, zikageuzwa WebP, aina ya faili la picha jepesi, muziki nje, video nje, ukurasa mzima ukashuka chini ya kilobaiti mia nne. Ukawa mwepesi na ukawa hauna kitu. Vitenge sita na namba ya simu. Dada akasema mbona kama kibao cha ofisi ya kata?

Nikamuuliza swali ambalo sa hivi namuuliza kila mteja, na silipishi: watu wanakuuliza nini kila siku mpaka unachoka kujibu? Hakufikiria hata sekunde. "Hii origino au ya Kichina."

Nikamwambia nijibu mimi, kwa sauti, kwenye WhatsApp, kama vile mimi ndo mteja. Usiku ikaja voisi ya dakika saba, nyuma yake honi za bodaboda na mpagazi anapiga kelele pisha pisha mzigo. Na yule mwanamke anajua kitu. Anasema usianze na rangi, kila mtu anaanza na rangi, geuza kitenge. Wax ya kweli, yaani kitenge kilichotiwa rangi kwa nta, upande wa nyuma umekolea karibu sawa na wa mbele, ukiona nyuma kumepauka kama khanga iliyoanikwa wiki nzima hiyo imechapwa juu juu. Anasema angalia ile mistari myembamba kama nyufa, inatokana na nta inayopasuka kwenye kutia rangi, kwenye wax yenyewe haifanani, ukikuta ufa huu hapa na ufa ule ule umejirudia kule mbele umbo lile lile, hiyo ni mashine imeiga ufa. Anasema soma pindo, ya Vlisco ya Uholanzi inaandikwa kwenye pindo, ila usiishie kusoma mdogo wangu, maandishi siku hizi wanafoji, mtu anayefoji kitenge atashindwa kufoji sentensi? Afu anasema, na wala ya Kichina sio dhambi, shida ni kuuziwa kwa bei ya Mholanzi.

Nikaichapa karibu kama ilivyo. Nilitoa tu honi. Picha mbili, mbele na nyuma ya kitenge kimoja. Nikakipa kichwa kile kile cha swali, Utajuaje kitenge origino. Hatukuposti popote.

Wiki tano hakuna kitu, dada ananiuliza kila Ijumaa watu wangapi, namwambia kumi na mmoja, anakata simu. Wiki ya sita mtu wa Songea akapiga, ameisoma Google, anataka vipande vitatu vya yadi sita vya harusi, "na nimegeuza cha kwangu cha zamani dada, nimeibiwa". Mwezi huu wanaingia kwenye huo ukurasa mmoja watu wengi kuliko kwenye websaiti zote za shule nilizowahi kujenga ukizijumlisha. Elfu arobaini hawafiki, hata hawakaribii. Ila wanaokuja wanakuja na swali tayari mdomoni, na daftari sasa lipo, la karatasi, nimemnunulia mwenyewe, Kitenge Mkorofi yupo ukurasa wa nne.

Akaunti mpya kafungua pia, ule ule mtandao, na bado kila asubuhi anatandika sakafuni anapiga. Simkatazi, vitenge vinataka kuonwa. Kitu kimoja tu kimebadilika, chini ya kila picha anaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, SOMA KWANZA KULE.

Nimeandika hii tangu saa mbili, sasa inakaribia saa sita, umeme umekatika mara moja na betri inanitazama. Simu imetetemeka. Ni yeye. "Mdogo wangu umelala? Nimekumbuka hatujasema habari ya kufua." Dakika kumi na moja. Ngoja nitafute spika za masikioni.